Sikio Safi Kwenye Picha

Nilichomoa pamba sikioni nikaiweka mezani kwa dada wa mapokezi, juu kabisa ya daftari lake la majina. Ilikuwa imelowa, ya kijani kwa ndani, na ilinuka. Dada akarudi nyuma na kiti chake. Nikamuuliza, "Na hii niitume kwa simu?"

Siwezi kusema najivunia. Au niseme ukweli, najivunia kidogo. Lakini kabla hujaniona mwehu, sikia kwanza alichoniambia. Nilifika pale saa moja na nusu asubuhi, mtoto mgongoni, mdomo wangu wa upande wa kushoto umelegea kiasi kwamba chai niliyokunywa kabla ya kutoka nyumbani ilinimwagikia kifuani. Mwanangu Leah, mwaka mmoja na miezi, alicheka akidhani namchezea. Nikamweleza yote hayo dada wa mapokezi. Yeye, macho kwenye kompyuta, akasema, "Mama, wewe hapa umeandikwa mgonjwa wa simu. Rudi nyumbani, utapigiwa Alhamisi."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Wanajijua, na nimeshawaandikia. Haya ninayoandika hapa ni kwa ajili yako wewe ambaye sasa hivi unalalia kitambaa kwa sababu sikio linachafua mto, unayekaa mbali kidogo na watu, unayejibu "naendelea vizuri" kila ukiulizwa. Mimi nimeshatoka huko. Sikio langu limekauka, masika ya pili yanapita, nimekaa mlangoni pa saluni yangu hapa Igoma na nina nafasi ya kusimulia.

Lilianza miezi michache baada ya kujifungua Leah. Mafua, kisha maumivu ya kunifanya nigonge kichwa ukutani, kisha kitu kikapasuka ndani na usaha ukatoka na maumivu yakaisha palepale. Nikashukuru, nikadhani ndiyo mwisho. Zahanati wakanipa vidonge, likakauka, likarudi. Wakanipa tena, likakauka, likarudi. Wakati embe zinaanza kujaa barabarani nikaandikiwa kwenda hospitali kubwa mjini, kwa daktari wa masikio. Yule wa kwanza aliniangalia na kile kifaa chake chenye taa, akasema ngoma ya sikio imetoboka, akanipa matone, akanikataza maji yasiingie. Halafu nikaelezwa utaratibu wao mpya: wagonjwa wa marudio hawana haja ya kuja kupanga foleni. Siku moja kabla ya miadi utapata meseji, utatuma picha ya sikio, kesho yake daktari atakupigia.

Nilifurahi, sidanganyi. Mimi ni msusi. Nikienda mjini siku nzima imekwenda, wateja wangu wanakaa kwa jirani na hawarudi. Na mtoto mdogo utamweka wapi? Nilimwambia mume wangu, Masanja, kwamba hatimaye kuna mtu serikalini amekaa akafikiria wanawake.

Sasa nikueleze tulivyokuwa tunapiga hizo picha, maana kila kitu kiko hapo.

Wakati huo tuliishi na mama mkwe wangu. Alikuja kunilea uzazi akabaki. Ni mama wa Kisukuma wa zamani, mtu wa kanisani, na kwake yeye hakuna aibu kama kwenda kwa daktari ukiwa mchafu. Mtoto akiumwa malaria, ataogeshwa kwanza, atapakwa mafuta, atavalishwa nguo ya Jumapili, ndiyo abebwe. Hata mimi mama yangu mzazi alinilea hivyo hivyo, kwa hiyo sikuona ajabu. Meseji ikiingia tu, mama mkwe anachemsha maji, anayapooza, anatia chumvi. Ananikalisha kwenye kigoda hapo uani kwenye mwanga. Anazungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti na kuanza kuchokonoa, taratibu, kwa upendo kabisa, anatupa, anachukua nyingine, mpaka pamba inatoka nyeupe kama ilivyoingia. Akimaliza anapaka sikio kwa nje mafuta ya mgando. Siku ya kwanza aliniambia niende nikavae hereni zangu za harusi. Nikavaa. Masanja, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti na ana mkono usiotetemeka, anawasha tochi, anapiga picha tatu, tunachagua nzuri.

Sikio lilimeta kama kikombe cha wageni.

Kesho yake daktari ananipigia. Sauti ya kijana, mpole, mwenye adabu, anakusalimia mpaka na mtoto. Lakini anapiga saa nne, saa tano, na saa hizo mimi niko saluni, mikono kwenye nywele za mtu, wanawake watano wamekaa wanangoja na hakuna kingine cha kusikiliza ila mimi. Ananiuliza naendeleaje. Ungejibu nini? Ungesema mbele ya wateja wako kwamba sikio linatoa usaha na linanuka kama dagaa walionyeshewa? Nilisema naendelea vizuri. Akiniuliza kama linatoa maji, nilisema kidogo. Na simu nimeiweka sikio la kulia, kwa sababu la kushoto lilikuwa limeshaanza kuziba, wala hakuna aliyeniuliza nimeshika simu upande gani. Naye akawa anajibu kwa furaha: picha nimeiona, sikio ni safi, endelea na matone wiki mbili. Nikawa najiambia, huyu kasoma, anaona nisichokiona.

Picha tisa tulituma. Tisa. Kuanzia embe mpaka mvua kubwa.

Na mimi huku mwili unabadilika. Harufu ilikuja kwanza. Nilianza kuvaa kilemba, nikapaka manukato, nikawa naweka pamba na kuibadilisha chooni kila saa. Wateja hawasemi. Wanakuja mara moja, wanakaa wamegeuza uso, halafu unasikia wamesuka kwa mwingine. Kisha kizunguzungu: nasimama kumsuka mtu, naona sakafu inainuka upande mmoja, nashika kichwa chake kama nguzo. Kisha Leah. Mchana nikimlaza na kujilaza naye kidogo, nikilalia sikio zima, sisikii akilia. Siku moja Masanja alirudi kuchukua chombo chake akamkuta mtoto amefika mlangoni kwa kutambaa, analia hadi amekauka sauti, mimi nimelala mita mbili. Hakunigombeza. Alimbeba, akaniamsha kwa kunigusa mguu, akarudi kazini bila kula. Ningeona afadhali angenigombeza.

Nyumbani wakaanza kuniona jeuri. Mama mkwe ananiita, siitiki. Masanja anaongea, nasema "eeh" mahali pa "hapana". Mara mbili nilimwambia Masanja nataka kwenda hospitali nikaonwe. Yeye na mama yake wakasema, daktari jana tu amekwambia sikio safi, unaenda kutafuta nini? Walikuwa na picha.

Basi ndiyo ikafika ile asubuhi ya chai kumwagika.

Nilipoweka pamba pale mezani, dada wa mapokezi akasema ataita mlinzi. Nikamwambia amwite, labda yeye anajua kuangalia masikio. Aliyekuja hakuwa mlinzi, alikuwa sista mmoja mtu mzima, amevaa miwani imening'inia kwenye uzi. Hakuangalia pamba. Aliniangalia uso. Akasema, "Cheka."

Nikadhani ananikejeli. Nikaanza kumjia juu na yeye.

"Mayu, mama yangu, sina ugomvi na wewe. Cheka tu nikuone."

Nikacheka, kama ile inaitwa kucheka. Upande mmoja ukaenda, mwingine ukabaki pale pale. Akaniambia nifumbe macho kwa nguvu, la kushoto halikufunga. Akanishika mkono, akamwambia yule dada kwamba huyu simwandiki mgonjwa wa simu mimi, akanipeleka kwenye korido ya masikio.

Nataka kukwambia kidogo kuhusu ile korido, kwa sababu ukienda utakaa pale. Ni benchi ndefu, na waliokaa karibu wote hawasikii vizuri. Halafu anatoka mtu mlangoni, anaita jina kwa sauti ya kunong'ona na kurudi ndani. Watu wanaachwa hivyo. Sasa wagonjwa wenyewe wamejipangia. Ukikaa, jirani anakuuliza jina lako na kulikariri. Mwenye sikio zima anasikiliza kwa niaba ya wengine. Mimi nilikaa na mzee mmoja kutoka Ukerewe, alivuka jana yake na kivuko. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza naitwa nani. Alinipa muhogo wa kuchemsha, nikala upande wa kulia, akamshikia Leah kofia yake acheze nayo. Jina langu lilipoitwa sikulisikia. Yeye akanigonga goti. Zaidi ya mwaka mzima nilikuwa naumwa peke yangu katikati ya watu, na pale kwenye benchi nilijisikia niko kwetu.

Daktari alikuwa yuleyule wa simu. Nilimjua kwa sauti, kijana kweli, anaweza kuwa ananizidi miaka mitano. Aliweka kile kifaa sikioni akachungulia muda mrefu. Akavuta uchafu kwa mrija, akaangalia tena. Akaniwekea chuma kinachotetemeka nyuma ya sikio, kisha mbele, nikamwambia ninavyosikia. Akaniambia bila kuzunguka: kuna ngozi imeota ndani ya sikio, imekuwa ikila mfupa polepole, na sasa imefika kwenye mshipa unaoendesha uso. Lazima nipasuliwe. Wakichelewa, uso hautarudi, na ikipita pale inaelekea kwenye ubongo.

Nikamuuliza, "Si ulisema safi?"

Akafungua simu ya kliniki, akanionyesha. Picha zangu tisa zimepangana. Hereni za harusi kwenye zote. Akauliza kabla ya kupiga tunafanya nini. Nikasema tunasafisha, si ndiyo? Tunasafisha hadi pamba itoke nyeupe.

Aliweka ile simu chini. Akasema, "Mama Leah, miezi yote hii tumekuwa tunaangalia usafi wako. Ugonjwa hatujawahi kuuona."

Nilimuuliza kama tusingesafisha ingekuwaje. Akasema ukweli, na kwa hilo namheshimu: simu haifiki ndani kwenye ngoma hata ufanyeje, lakini angeona usaha kwenye picha ya pili angeniita. Na hakuna mahali popote kwenye ile meseji palipoandikwa nisisafishe. Nilikuwa nimejaa hasira ya kutosha kuvunja mlango, na ghafla sikujua niitupe wapi, maana kipande cha kosa kilikuwa changu.

Niliibeba ile hasira hadi nyumbani. Nikamtupia mama mkwe. Nilimwambia amenisafisha mpaka mdomo umepinda. Masanja akasimama akaniambia hivyo siongei na mama yake. Yule mama aliinuka. Alimwaga yale maji ya chumvi yaliyokuwa jikoni, kesho yake akafungasha akaenda kwa binti yake Kisesa. Nilikaa wiki tatu nikingoja tarehe ya upasuaji, nachomwa sindano, nafunika jicho na kitambaa lisikauke, Masanja anapika ugali wenye mabonge na kumlisha mtoto bila kuniangalia. Mvua inanyesha kila siku. Sitazisahau zile wiki.

Siku moja kabla ya kulazwa, mama mkwe akatokea mlangoni, ameloa, begi kichwani. Nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba bila kuniangalia, akamchukua Leah, akakaa naye mkekani. Nikakaa na mimi. Akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, mimi nilitaka tu usionekane huna watu."

Nikalia mimi. Jicho moja lilikuwa halifumbi hata kwa kulia. Nikamwomba msamaha, akasema hayo yaache, nieleze mtoto anakula saa ngapi.

Upasuaji wenyewe siujui, nilipigwa nusu kaputi. Naukumbuka wembe ukininyoa nyuma ya sikio, na mimi msusi nikiona nywele zangu zinaanguka. Naukumbuka ubaridi wa chumba. Nilipoamka kichwa kimefungwa bandeji kubwa, sista wa miwani amesimama kando ya kitanda akiniambia nicheke, nami kinywa kikavu, sijui niko wapi, nikacheka. Akasema bado, lakini itakuja.

Ilikuja kidogo kidogo. Siku ya kutoa nyuzi, jicho lilikuwa linafunga nusu. Siku ya kutoa kitambaa walichokishindilia ndani ya sikio, mdomo ulianza kunyanyuka, na nikashangaa: nilisikia sahani zikigongana upande wa kushoto. Si vizuri. Ni kama kusikia watu wa nyumba ya jirani. Daktari alisema ndiyo itakavyobaki, labda na nyongeza kidogo, na mimi nimekubali. Upepo wa Agosti ulipoanza kuvuma kutoka ziwani nilikunywa chai kikombe kizima, mama mkwe akiniangalia kwa wizi. Hakuna tone lililoanguka. Akaenda kuniongezea.

Wateja wamerudi. Mama Koku, ambaye mdomo wake hauna mlango, aliniambia siku ya kwanza amekaa chini nimsuke, "Siku zile nilikuwa nawaambia watu Mama Leah anafuga samaki sikioni." Saluni nzima ikacheka, na mimi nikacheka, pande zote mbili. Nywele za nyuma ya sikio zimeota. Masanja akitembea na mimi anazunguka kuja upande wa kulia bila kuambiwa. Leah anaongea sasa, na akitaka kunieleza kitu cha maana ananishika shavu, anageuza kichwa changu kwanza. Hakufundishwa na mtu.

Kwa hiyo usifikiri naandika kwa uchungu. Maisha yangu ni mazuri. Hasira ninayo, lakini nimeilisha vizuri na kuipa kazi.

Barua niliandika mwenyewe kwa mkono, kidato cha nne hakikupotea bure. Nikamsomea Masanja. Akasikiliza hadi mwisho, akasema niondoe sentensi moja, ile ya kwamba tulisafisha wenyewe. Alisema watu wa ofisi wakiona hapo tu, wamepata pa kutokea. Watasema mama alijisafisha, basi, faili linafungwa, na mwingine anapinda mdomo kama wewe. Alikuwa na hoja. Nilikaa na ile sentensi siku mbili. Nilijua barua yangu inaweza kufa kwa ajili yake. Lakini nikawaza kila nyumba ninayoijua hapa Igoma, Buswelu, hadi Kisesa, nikajaribu kupata hata moja ambayo ingempiga mgonjwa picha bila kumsafisha kwanza. Sikupata. Nikiificha ile sentensi, nimeficha ugonjwa wenyewe. Nikaiacha, nikaipigia na mstari.

Niliipeleka mwenyewe masjala, wakanigongea muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Iko hivi:

*Mganga Mfawidhi,*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU MIADI YA SIMU KWA WAGONJWA WA MASIKIO*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mgonjwa wenu. Nilihudumiwa kwa simu na picha tisa, na kila mara niliambiwa sikio ni safi. Lilikuwa safi kwa sababu tulilisafisha wenyewe kabla ya kupiga picha. Hatukuambiwa tusisafishe. Tumelelewa kwenda kwa daktari tukiwa safi, na ninyi mnaoishi hapa hapa na sisi mnalijua hilo.*

*Simlaumu daktari aliyeziangalia picha. Nalalamikia utaratibu uliomwambia kwamba picha zinatosha, na uliomzuia mgonjwa aliyefika kwa miguu yake asionwe kwa sababu kompyuta imemwandika wa simu.*

*Siombi mfute simu. Nimekaa kwenye benchi lenu na mzee aliyevuka ziwa kwa ajili ya dakika kumi. Huyo mpigieni. Naomba haya: meseji ya kabla ya miadi iseme wazi kwamba sikio lisisafishwe. Mgonjwa aulizwe kama yuko mahali anapoweza kusema bila kusikilizwa, na kama hayuko, apigiwe baadaye. Sikio linalotoa usaha kwa zaidi ya mwezi lionwe na daktari ana kwa ana. Na mgonjwa yeyote wa simu akija mwenyewe mapokezi, aangaliwe uso kabla ya kuangaliwa kompyuta.*

*Naomba nijibiwe kwa maandishi. Nikihitajika kwa maelezo zaidi nitakuja mwenyewe. Msinipigie.*